“Hamuelewi”: kisa cha Leonardo Coviello, kijana wa Avigliano aliyekulia East Harlem

Mwishoni mwa miaka ya 1890, mvulana mmoja wa Kiitaliano alirudi nyumbani kutoka shule, mtaa wa East Harlem jijini New York, akiwa na ripoti ya masomo mkononi. Ilitakiwa saini ya mzazi. Baba akaichukua, akaisoma, akafika kwenye jina na hapo akakwama. Mtoto aliyemleta Marekani aliitwa Leonardo Coviello. Huyu wa kwenye karatasi aliitwa Leonard Covello. Herufi “i” imekwenda wapi?

Mtoto akaeleza kwamba mwalimu ameitoa ili jina litamkike kwa wepesi. Baba akauliza mwalimu huyo anahusikaje na jina la ukoo wake. Mama naye akaingilia: heshima ya mtu imo ndani ya jina lake, na jina si shati la kuvua na kuvaa jingine. Akamtaka mwanawe arudi shuleni akamweleze mwalimu kwamba kumetokea makosa. Mtoto akasema hakuna makosa, jambo limefanywa makusudi, na kwamba wao hawaelewi tu. Neno hilo la mwisho ndilo lililowasha moto. Baba akapandwa na hasira: kumbe tangu mtoto ageuke Mmarekani anaelewa kila kitu, na yeye baba mtu haelewi chochote?

Herufi haikurudi. Mambo haya tunayajua kwa sababu mvulana mwenyewe aliyasimulia, akiwa na miaka 70, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1958. Wakati huo Leonard Covello alikuwa ameshastaafu ualimu mkuu, na alikuwa mmoja wa walimu waliojulikana sana New York.

Mimi kazi yangu ni ukalimani. Nimekaa miaka kadhaa katikati ya walimu wa Kimarekani na familia za Kikongo, watu wa Fizi, Baraka na Uvira, wengi wao waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupandishwa ndege. “Hamuelewi” ni neno ninalolisikia karibu kila wiki, tena kwa Kiswahili, likitoka kwa watoto ambao Kiswahili chenyewe kimeanza kuwa kizito ulimini mwao. Ndiyo maana kisa hiki cha Waitaliano, kilichotokea miaka zaidi ya 120 iliyopita, nakisoma kama mtu anayesoma barua iliyotoka kwao. Nitakichambua kwa utaratibu wake, kwa sababu naona wengi wanakielewa vibaya, na wakikielewa vibaya wanawapa wazazi ushauri mbaya.

Walikotoka

Avigliano ni mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Basilicata, kusini mwa Italia. Leonardo alizaliwa huko mwezi Novemba 1887. Italia kama nchi moja ilikuwa haijafikisha hata miaka 30, kwa kuwa falme na dola zake ziliunganishwa mwaka 1861. Kwa mkulima au fundi wa kusini, Roma ilikuwa mahali panapotoka kodi na amri ya kwenda jeshini. Utu wake aliupata kwa ukoo na kwa mji wake. Waitaliano wana neno lao, campanilismo, linalotokana na mnara wa kengele wa kanisa: kwenu ni pale unapoweza kuisikia kengele yenu. Mtu alikuwa wa Avigliano. Ukimwita Mwitaliano, angeweza kukuuliza unamaanisha nini.

Uitaliano wengi wao waliukuta Marekani, tena katika vinywa vya watu waliokuwa wakiwadharau. Kati ya mwaka 1880 na 1924 waliingia zaidi ya milioni 4, wengi sana kutoka kusini, na nchi iliyowapokea haikuwapokea kama ndugu. Tarehe 14 Machi 1891, mjini New Orleans, umati wa watu ulivunja jela na kuua Waitaliano 11, wengine wakiwa wameachiwa na mahakama na wengine hawajahukumiwa hata kidogo, katika kesi ya mauaji ya mkuu wa polisi wa mji. Miaka mitano baadaye, mwaka 1896, Leonardo aliteremka melini pamoja na mama yake na wadogo zake.

Baba hakuwa nao melini. Alikuwa ametangulia miaka kadhaa, akifanya vibarua na kuweka akiba ya nauli. Jambo hili wachambuzi wengi wanalipita haraka, mimi nalishika. Mvulana wa miaka minane anayekwenda kukutana na baba aliyemwacha akiwa mdogo sana anamjua baba huyo kwa masimulizi kuliko kwa sura. Mamlaka ya baba yule yalikuwa ya kurithiwa, yalikuwa hayajajengwa kwa kuishi pamoja. Familia ninazozitafsiria nyingi ziko hivyo: mmoja alitangulia, wengine wakasubiri kambini, wakakutana uwanja wa ndege wakiwa watu wengine. Kabla shule haijagusa kitu, pale nyumbani tayari pana ufa.

East Harlem yenyewe ilipangika kwa kengele za nyumbani. Watu wa mji mmoja walikaa mtaa mmoja, jengo moja wakiweza, wakaongea lahaja yao na kuozeshana. Kanisa lao lilikuwa la Mama Yetu wa Mlima Karmeli, mtaa wa 115, na kila tarehe 16 Julai sanamu ya Bikira Maria ilitembezwa barabarani huku maelfu wakiifuata. Lakini ndani ya kanisa hilohilo, kwa miaka mingi, Waitaliano walisalia sehemu ya chini ya jengo, na hawakupandishwa kanisa la juu mpaka mwaka 1919. Mtoto aliyekua akiona mama yake anasali chini na watu wengine wanasali juu hakuhitaji kuambiwa kitu.

Mfuko wa oti

Shule ya kwanza ya Leonardo watu wa mtaani waliiita Shule ya Supu, kwa sababu watoto walipewa bakuli la supu mchana. Iliendeshwa na shirika la hisani. Siku moja watoto walikabidhiwa mifuko ya oti, nafaka ya kupikia uji, wapeleke nyumbani. Baba yake Leonardo alipoutazama mfuko ule alikasirika sana: hiki kwao ni chakula cha mifugo, na sasa shule inawapelekea watu wale!

Ukitazama upande wa shule, pale pana huruma. Wameona watoto wamekonda, wakatoa walichonacho. Ukitazama upande wa baba, pana tusi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Aliyesimama katikati na mfuko mkononi ni mtoto wa miaka tisa au kumi, ambaye shuleni amefundishwa kusema asante na nyumbani anaulizwa anawezaje kupokea kitu kama hicho. Mtoto wa namna hii huwa hachagui kati ya Italia na Marekani. Anachagua nani asimwaibishe kwanza.

Ripoti yenye jina lililokatwa ilikuja baada ya mfuko huo, na ndiyo maana ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko herufi. Mwalimu, naamini, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na darasa limejaa majina yasiyomkalia ulimini, akaondoa sauti iliyomsumbua, akaendelea na somo. Lakini tazama alichokifanya bila kujua. Alizungumza na mtoto kuhusu jambo la baba, bila baba kuwepo, kisha akamtuma mtoto kupeleka habari. Kwa siku ile moja mtoto aligeuka kuwa mjumbe wa serikali ndani ya nyumba yake. Alileta amri, akaifafanua, akaitetea, na alipoulizwa zaidi akasema hamuelewi.

Mama alijaribu kuurudisha mpangilio wa kawaida kwa njia ya kistaarabu kabisa: nenda kamweleze mwalimu kwamba ni makosa. Alimpa mwalimu mlango wa kutokea bila aibu, kama mtu mzima anavyomfanyia mtu mzima mwenzake. Mtoto aliufunga mlango ule, kwa kuwa hakutaka kuonekana mbele ya mwalimu na wenzake kuwa ni yule ambaye mama yake amekataa.

Nimeona kitu kinachofanana na hicho kwa macho yangu. Mama mmoja, amevaa kitenge chake kizuri cha kutokea, aliitwa shuleni kwa habari za mwanawe wa miaka 15. Shule naiacha bila jina. Nilichelewa dakika 20, nikakuta mwalimu ameshaanza na kijana ndiye anayetafsiri. Mwalimu alikuwa akilalamika utoro. Mama alikuwa ameambiwa kwamba mwalimu amefurahi. Nilipotafsiri upya, nilitegemea amgeukie mwanawe kwa ukali. Hakufanya hivyo. Alikaa kimya, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo: “Kaka, sasa yale mengine yote aliyokuwa ananiambia tangu tufike huku, ya hospitali, ya nyumba, ya barua za serikali, yalikuwa ya kweli?” Sikuwa na jibu. Kijana alianza kulia, naye alikuwa amemzidi mama yake kimo kwa kichwa kizima.

Miaka ya ujana

Leonard alipovuka miaka kumi na mbili, kumi na tatu, aibu ile ilikwisha kuwa tabia. Yeye na wenzake walihakikisha wazazi hawakanyagi shuleni. Mama mwenye shela kichwani na asiyejua Kiingereza alikuwa ni tishio kuliko fimbo ya mwalimu. Baadaye aliandika kwamba walikuwa wanageuka Wamarekani kwa kujifunza kuwaonea aibu wazazi wao, na maneno hayo yamekaririwa na walimu wengi baada yake.

Kuna kumbukumbu nyingine, ya kijana mmoja aliyehojiwa na Covello alipokuwa akifanya utafiti miaka mingi baadaye, ambayo kwangu inasema zaidi. Mama yake alimfungia chakula cha shule: nusu mkate mrefu, umejazwa pilipili hoho na vitunguu vya kukaanga, au umechovywa mafuta na kutiwa kitunguu saumu. Chakula kizuri. Kijana hakuthubutu kukipeleka shuleni, na kila asubuhi alihangaika mahali pa kukitupa. Wenzake walikuwa na mkate mweupe laini wa Kimarekani. Fikiria mama aliyeamka mapema kukaanga zile pilipili, na jioni anamuuliza mwanawe kama ameshiba.

Nyumbani kwa kina Covello hapakuwa na nafasi kubwa ya kukaa na kuitafakari aibu. Kijana alisambaza mikate alfajiri kabla ya kwenda darasani. Mama hakuizoea nchi ile, aliugua, na akafariki Leonard akiwa bado kijana. Alipokuwa sekondari, kule Morris, upande wa Bronx, aliacha masomo kwa muda akafanye kazi, kama walivyofanya wavulana wengi wa mtaa wao. Kusini mwa Italia kulikuwa na msemo kwamba mjinga ni yule anayewafanya watoto wake wawe bora kuliko yeye, na shule za Marekani ziliutumia kama ushahidi kwamba Waitaliano hawapendi elimu. Mimi siusomi hivyo. Kwa mkulima aliyeona mtoto wa jirani akisoma, akaondoka, na asirudi hata kumzika baba yake, msemo ule ni hofu ya kuachwa. Na Leonard, ambaye hakuwahi kuiacha familia yake, alirudi shule na kumaliza.

Kurudi kwake kuna mtu nyuma yake. Anna Ruddy, mwanamke wa Kikanada, alikuja East Harlem miaka ya 1890 akafungua nyumba ya huduma kwa watoto, akaiita Home Garden. Alikuwa mmisionari wa Kiprotestanti katikati ya Wakatoliki, na wapo wazazi waliomwogopa kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Ila alifanya kitu ambacho Shule ya Supu haikukifanya: alijifunza Kiitaliano. Kwa vijana wale, huyu alikuwa mtu wa kwanza wa upande wa pili aliyeona kwamba kuna kitu cha kujifunza kutoka kwao. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kinakwenda upande mmoja, kutoka Marekani kuja kwao. Naamini hapa ndipo utafutaji wa Leonard ulipogeuka, kabla hajafika chuo chochote.

Mwalimu wa Kifaransa

Mwaka 1907 aliingia Chuo Kikuu cha Columbia kwa ufadhili wa masomo, akahitimu 1911, na mwaka huohuo akaajiriwa sekondari ya DeWitt Clinton. Alifundisha Kifaransa na Kihispania. Mtoto wa Avigliano, aliyeota ndoto zake za kwanza kwa lahaja ya Basilicata, alisimama mbele ya wavulana ambao wengi wao ni Waitaliano kama yeye na kuwafundisha lugha za majirani. Yao ilikuwa haina nafasi ya maana katika shule za jiji. Haikuhesabiwa sawa na Kifaransa, Kihispania au Kijerumani.

Mwaka 1914 wanafunzi wenyewe walianzisha pale shuleni chama cha Kiitaliano, naye akawa mlezi wake. Kutoka hapo ikaanza kazi ya miaka mingi ya kudai Kiitaliano kifundishwe kwa hadhi sawa, na mwaka 1922 bodi ya elimu ya jiji ikakubali. Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwake kipindi hicho ni Vito Marcantonio, aliyekuja kuwa mbunge wa East Harlem katika Bunge la Marekani.

Wengi husimulia sehemu hii kama ushindi wa fahari: Waitaliano wakajivunia asili yao, aibu ikaisha. Kilichobadilika hasa, kwa maoni yangu, ni mwelekeo wa maswali ndani ya nyumba. Kijana aliyekuwa akirudi na majibu ya shule sasa alirudi na swali. Alihitaji neno, wimbo, hadithi, namna ya kutamka, na wa kuulizwa alikuwa baba yake au bibi yake. Kwa mara ya kwanza tangu meli itie nanga, kulikuwa na jambo la shule ambalo mzazi anaelewa na mtoto haelewi.

Lakini kisa hiki si chepesi hivyo. Kiitaliano kilichoingia madarasani kilikuwa Kiitaliano sanifu, chenye mizizi Toscana, katikati ya Italia, lugha ya vitabu. Watu wa Avigliano, wa Napoli, wa Sicilia waliongea lugha zao, na wengine wao wasingeelewana wao kwa wao sokoni. Mtoto anayejifunza Kiitaliano sanifu anaweza kurudi nyumbani na kumsahihisha bibi yake kwa lugha ya bibi huyohuyo, na “hamuelewi” ikarudi kwa mlango wa nyuma. Hili linanigusa. Katika mji ninaofanyia kazi kumeanzishwa madarasa ya Kiswahili kwa watoto wa jamii zetu, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini nimemsikia mtoto akimwambia baba yake, mtu wa Baraka, kwamba Kiswahili chake “kimekosewa”. Baba yule anajua Kibembe, Kiswahili cha Kongo, Kifaransa kidogo na Kirundi cha kambini. Mwalimu wa darasa lile anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua daftari.

Fahari inapogeuka

Mwaka 1934 Covello alikuwa mkuu wa shule mpya ya sekondari ya wavulana, Benjamin Franklin, hapohapo East Harlem. Aliitaka iwe shule ya mtaa mzima. Milango ilifunguliwa mpaka usiku, wazazi walikuja kusoma Kiingereza na mambo ya uraia, walimu walitoka kwenda nyumba kwa nyumba. Mwaka 1942 ilihamia jengo lake kubwa kando ya mto. Wanafunzi walimwita “Pop”, yaani baba, na nikikumbuka ugomvi wa ile ripoti, jina hilo la utani naliona zito.

Ila miaka hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kumrudishia kijana fahari ya asili si kumrudishia kila kitu. Tarehe 25 Juni 1935, Joe Louis, bondia Mweusi wa Marekani, alimpiga Primo Carnera, bondia wa Italia, katika uwanja wa Yankee, na Harlem ya Weusi ikasherehekea usiku kucha. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo Mussolini, dikteta wa Italia, aliivamia Ethiopia. Weusi na Waitaliano wakapigana mitaani Harlem. Wanawake wa Kiitaliano wa Marekani walivua pete zao za ndoa za dhahabu wakazituma Italia kusaidia vita, wakapewa pete za chuma. Wengi wao hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu waliosali chini ya kanisa, waliokatwa majina, na sasa mtu mwenye jeshi anawaambia kwamba wao ni wajukuu wa Roma. Sisi wa upande huu wa Afrika tunajua ile fahari ililipiwa na nani.

Mwishoni mwa Septemba 1945 wavulana wa Kiitaliano na wavulana Weusi walipigana katika shule ya Covello mwenyewe, na magazeti yakaandika juu ya ghasia za rangi. Mwezi uliofuata mwimbaji Frank Sinatra, ambaye naye ni mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, aliletwa kuzungumza na wanafunzi. Covello alikuwa pale miaka 11, na alikuwa amefanya kazi ya kuwaleta pamoja kuliko wakuu wengi wa shule wa wakati wake. Hata hivyo ikatokea. Kijana aliyeaibishwa muda mrefu akipata mtu aliye chini yake wa kumdharau, mara nyingi atamdharau, na kumfundisha lugha ya bibi yake hakuzuii hilo peke yake. Covello hakujitoa. Wapuerto Rico walipoongezeka mtaani aliwachukulia kama alivyotamani yeye achukuliwe mwaka 1896, na alipostaafu mwaka 1956 aliendelea kufanya kazi katika ofisi iliyowahudumia wahamiaji kutoka Puerto Rico.

Ninavyokisoma kisa hiki

Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyowapa Waitaliano nafasi 3,845 tu za kuingia kwa mwaka. Maji mapya yakakauka. Waliobaki nyumbani ni wazazi waliokuwa wakizeeka na watoto waliozaliwa au kukulia Marekani, bila binamu mpya wa kuja na lahaja mbichi kutoka kijijini. Hapo ndipo wengi walipoanza kusema kwamba vijana hawa “wamekwama kati ya tamaduni mbili”, na maneno hayo tunayatumia hadi leo kwa watoto wetu.

Sijawahi kuyapenda. Yanamfanya kijana aonekane kama mtu anayening'inia kwenye daraja, na kazi ya mzazi ni kumvuta upande wake kabla hajaangukia wa pili. Katika kisa cha Coviello siuoni mvutano wa tamaduni mbili. Naona nyumba ambayo mpangilio wa nani anamfafanulia nani dunia umepinduliwa, na aliyeupindua hayumo ndani ya nyumba. Mtoto anatafuta yeye ni nani kwa kuwatazama wale wanaotakiwa kumwonyesha njia. Akiwaona wanamtegemea yeye kusoma barua ya mwenye nyumba, anapata madaraka asiyoyaweza na upweke asioweza kuusema. Ukali wa “hamuelewi” unatoka humo. Mara nyingi mtoto anayelisema anaogopa, kwa kuwa kama kweli hawaelewi, basi hakuna mtu mzima nyuma yake.

Kwa hiyo ninapoulizwa na wazazi wafanye nini, siwaambii wawazuie watoto Kiingereza, wala siwaambii wawape hotuba za asili yetu kila jioni. Nawaambia wakatae, kwa upole lakini wakatae kabisa, mtoto asiwe mkalimani wao hospitalini, mahakamani na shuleni. Shule na hospitali nyingi za huku zinatakiwa kutoa mkalimani, na mzazi ana haki ya kusubiri aje. Nawaambia waende shuleni wakiwa wamevaa kama wanavyovaa, wamtamkie mwalimu jina la mtoto pole pole, na wamwombe alirudie. Yule mama wa kitenge alifanya hivyo katika kikao cha pili. Mwalimu alilikosea jina mara tatu, akacheka kwa aibu, ya nne akalipata. Kijana alikuwa amekaa kati yao, ametazama chini, hana kazi ya kufanya.

Kwa walimu nina neno moja tu, nalo nimelitoa kwa mama yake Leonardo: jambo la baba mwambie baba.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 84, Covello alifunga mizigo akarudi Italia. Hakwenda Avigliano, alikwenda Sicilia kufanya kazi na Danilo Dolci, mwanaharakati aliyekuwa akiwatetea maskini wa kisiwa hicho. Alifariki huko mwaka 1982, akiwa na miaka 94. Jina alilolitumia mpaka mwisho ni lile lililokuwa kwenye ripoti.